Kimberly Bergalis: Binti aliyeambukizwa virusi kwenye kiti cha daktari wa meno

Wasomaji wengi wa ukurasa huu huenda hawajapata kulisikia jina la Kimberly Bergalis. Lakini mwaka 1991 jina hilo lilijaa magazetini kote Marekani, na hofu iliyotokana na kisa chake ilifika hadi bungeni. Sisi tuliokuwa watoto wakati huo katika makazi ya wakimbizi upande wa Tanzania tulisikia habari za Ukimwi redioni na darasani, tukazikariri njia za maambukizi kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha: ngono, damu, mama kwa mtoto, sindano na wembe. Kuhusu kiti cha daktari wa meno hatukuambiwa kitu.

Ninamsimulia leo kwa sababu kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, na wazazi wa wanafunzi wangu na pia na akina mama wanaovuka mpaka na bidhaa zao kila wiki. Je, ni kweli mtu anaweza kwenda kung'oa jino akarudi nyumbani na ugonjwa mwingine? Jibu ni ndiyo. Ila ndiyo hiyo inataka maelezo, na sijui maelezo yaliyo bora kuliko maisha ya binti huyu, ingawa yalikuwa mafupi.

Kimberly alizaliwa tarehe 19 Januari 1968 huko Tamaqua, mji mdogo katika eneo la machimbo ya makaa ya mawe, jimbo la Pennsylvania. Alipokuwa na umri wa miaka 10 hivi, wazazi wake walihamia Fort Pierce, mji ulio kando ya bahari katika jimbo la Florida. Baba yake, George, alishughulika na mambo ya fedha katika halmashauri ya mji huo. Mama yake, Anna, alikuwa muuguzi. Ni familia ya kawaida ya wafanyakazi, yenye mabinti na dini yake, isiyo na jambo la kuifanya iandikwe gazetini. Kimberly alisoma vizuri, akaingia Chuo Kikuu cha Florida katika mji wa Gainesville, akachagua masomo ya biashara.

Mwezi Desemba 1987, akiwa na miaka 19, alikwenda kung'olewa magego mawili ya mwisho, yale ambayo mara nyingi huota ukubwani na kusumbua. Daktari alikuwa David Acer, mwenye kliniki yake katika mji jirani wa Jensen Beach. Familia haikumchagua kwa kumjua. Alikuwa katika orodha ya madaktari wanaolipwa na bima yao ya afya. Meno yakang'olewa kwa sindano ya ganzi, binti akarudi nyumbani, na jambo hilo likasahaulika kama yanavyosahaulika mambo ya meno maumivu yakishaisha.

Asichokijua Kimberly ni kwamba miezi mitatu hivi kabla ya siku ile daktari Acer alikuwa amethibitishiwa kuwa ana Ukimwi, naye aliendelea na kazi. Wakati huo hapakuwa na sheria iliyomkataza.

Mwaka 1989 mwili wa Kimberly ukaanza kubadilika. Utando mweupe ulimtokea mdomoni, wa aina ile ambayo siku hizi muuguzi yeyote wa zahanati zetu akiiona kwa kijana mwenye afya humshauri apime damu. Alipungua uzito. Mwezi Desemba mwaka huo alishikwa na nimonia ya aina inayowapata watu ambao kinga yao imeporomoka. Akapimwa, akaonekana ana virusi vya Ukimwi, na ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali.

Hapo ndipo ilipoanza sehemu ya maisha yake ambayo mimi naiona ngumu kuliko hata ugonjwa wenyewe. Alieleza kuwa hajawahi kulala na mwanamume, hajawahi kuongezewa damu, hajawahi kujidunga dawa za kulevya. Wachunguzi wa afya waliuliza, wakarudia kuuliza. Waliwahoji marafiki zake na vijana aliowahi kutembea nao. Binti wa miaka 21 akawekwa kitimoto aeleze mambo ya ndani kabisa ya mwili wake mbele ya watu asiowajua, na wengi hawakumwamini. Siwalaumu wachunguzi kwa kuuliza, maana hiyo ndiyo kazi yao. Lakini anayejua maana ya kuhojiwa na maofisa ambao tayari wameamua kuwa unadanganya, na miongoni mwetu tuliopita katika madawati ya wakimbizi wako wengi wanaojua, atamwelewa Kimberly bila kuambiwa zaidi.

Katika kumbukumbu zake ilibaki njia moja tu isiyofungwa, yaani yale magego. Tarehe 27 Julai 1990 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi CDC, kilitoa taarifa kwamba huenda mgonjwa mmoja kijana ameambukizwa na daktari wake wa meno. Taarifa haikutaja majina. Mwanzoni mwa Septemba daktari Acer alifariki dunia, baada ya kuandika barua ya wazi kwa wagonjwa wake akiwaomba wakapime. Siku chache baadaye Kimberly alijitokeza hadharani kwa jina lake na sura yake.

Wagonjwa wa zamani wa Acer zaidi ya 1,000 walipimwa. Baada ya uchunguzi mrefu, walioonekana kuwa wamepata virusi katika kliniki ile, Kimberly akiwamo, walikuwa 6.

Msomaji anaweza kuuliza walijuaje kwamba virusi vilitoka pale na si kwingine. Swali ni zuri, maana hapa sayansi ilifanya kazi ambayo haikuwa imezoeleka. Virusi vya Ukimwi hubadilika kidogo kidogo kila vinapojizalisha mwilini. Vinafanana na lugha yetu: Kiswahili cha aliyekulia Ulyankulu, cha aliyekulia Bukavu na cha aliyekulia Buyenzi ni kimoja, lakini mtu akifungua kinywa tu unajua ametokea wapi. Wataalamu walivisoma virusi vya Acer, vya wagonjwa wake, na vya watu wengine 35 wa eneo lile lile wenye virusi ambao hawakuwa na uhusiano na kliniki. Virusi vya wagonjwa 5 kati ya wale 6 vilifanana na vya daktari kuliko vilivyofanana na vya majirani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992 katika jarida la Science. Yalipingwa na baadhi ya watu, hasa kwa sababu palikuwa na kesi na fedha za bima nyuma yake, lakini hadi leo hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa na wataalamu wengi.

Namna virusi vilivyopita haikujulikana. Daktari amekufa, na kilichobaki ni kumbukumbu za wafanyakazi wake. Huenda alijichoma au kujikata akiwa kazini, damu yake ikaingia katika kidonda cha mgonjwa. Huenda vifaa vilivyotumika kwa mtu mwenye virusi vilipita kwa mwingine bila kutakaswa. Lakini wachunguzi walipouliza jinsi kliniki ilivyokuwa ikiendeshwa, picha waliyoipata haikuwa nzuri. Hapakuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuzuia maambukizi. Glovu zilivaliwa, ila wakati mwingine zilioshwa zikatumika tena kwa mgonjwa anayefuata. Vifaa vingine vilitumbukizwa katika dawa ya kuua vijidudu, leo dakika hizi, kesho dakika zile. Na hiyo ilikuwa Marekani, nchi tajiri, katika kliniki safi inayolipwa na bima.

Mwaka 1991 Kimberly alikuwa amebaki mifupa. Bima ya daktari ililipa dola milioni 1, fedha ambazo hazikuwa na la kumfanyia, kwani wakati huo dawa za kufubaza virusi kama tunazozijua leo hazikuwapo. Aliandika barua kali kwa wachunguzi wa afya wa Florida, na barua hiyo ikachapishwa ikasomwa nchi nzima. Aliwalaumu Acer na wote waliojua habari zake wakanyamaza. Hakutafuta maneno laini, na sioni kwa nini angeyatafuta.

Nchi ikashikwa na hofu, na hofu hiyo ikageukia upande mmoja: nani kati ya madaktari ana virusi? Tarehe 12 Julai 1991 CDC ilitoa mwongozo kwamba madaktari wanaofanya kazi zenye hatari ya kuchanganya damu wajue hali zao, na walioambukizwa wasifanye kazi hizo bila ushauri wa jopo la wataalamu na bila kuwaambia wagonjwa. Siku sita baadaye Baraza la Seneti lilipiga kura 81 dhidi ya 18 kuunga mkono pendekezo kwamba mhudumu wa afya mwenye virusi anayemfanyia mgonjwa kazi kama hizo bila kumwambia afungwe miaka isiyopungua 10. Pendekezo hilo halikufika mwisho wa safari ya kuwa sheria, lakini linaonyesha joto lilivyokuwa.

Tarehe 26 Septemba 1991 Kimberly alifika Washington mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikijadili muswada wa kuwapima kwa lazima wahudumu wa afya. Muswada huo ulipewa jina lake. Alisafiri kwa treni kutoka Florida, mwendo wa karibu siku nzima, akiwa hajiwezi, na akaingizwa ukumbini kwenye kiti cha magurudumu. Alisema maneno machache sana, kwa sauti ambayo watu walilazimika kunyamaza kabisa ili waisikie. Yaliyobaki aliyasema baba yake.

Muswada haukupita. Wapo waliosema Bunge lilimsaliti. Mimi, baada ya kusoma habari hizi kwa miaka kadhaa, naona Kimberly alikuwa na haki yote ya kukasirika, lakini dawa aliyoiomba isingetibu ugonjwa. Daktari akipimwa leo akaonekana mzima, kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu mwezi ujao. Daktari anayejua kwamba akipatikana na virusi atafungwa ataogopa hata kupima. Kubwa kuliko yote, sheria ile ilimtazama daktari peke yake, ikamsahau mtu mwingine ambaye damu yake imepita pale pale dakika chache zilizopita, yaani mgonjwa aliyekutangulia kwenye kiti.

Hofu ile haikuishia kwa madaktari. Tangu mwaka 1987 Marekani ilikuwa imewafungia mlango wageni wenye virusi vya Ukimwi. Mwaka 1991 palikuwa na mpango wa kuufungua, ukakwama, na mwaka 1993 Bunge likaliandika katazo hilo katika sheria. Liliondolewa Januari 2010. Ndugu zetu wa mwaka 1972 waliohamishiwa Marekani kutoka Tanzania kuanzia mwaka 2007 walipimwa kabla ya kupanda ndege, na aliyekutwa na virusi alihitaji kibali maalumu. Wengi wao hawakujua kwamba katazo hilo lilitokana na hofu za miaka ile ile ya Kimberly.

Kimberly alifariki nyumbani kwao Fort Pierce tarehe 8 Desemba 1991. Alikuwa na miaka 23. Siku mbili kabla, tarehe 6 Desemba, serikali ya Marekani ilikuwa imechapisha kanuni za kuwalinda wafanyakazi dhidi ya magonjwa ya damu: glovu, vyombo maalumu vya kutupia sindano, na chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa mfanyakazi, kwa gharama ya mwajiri. Kanuni hizo zilikuwa zimeandaliwa kwa miaka kadhaa, hazikutungwa kwa ajili yake.

Lakini yaliyofuata yana alama yake. Watafiti waliichunguza mashine ya kutobolea meno, ile inayolia kama nyuki, wakakuta inaweza kufyonza damu na mate ndani yake na kuyatema kwa mgonjwa anayefuata, hata kama nje imefutwa kwa spiriti ikang'aa. Mwaka 1993 CDC ilipendekeza wazi kwamba mashine hiyo itakaswe kwa joto baada ya kila mgonjwa. Kabla ya hapo kliniki nyingi ziliifuta tu. Yakafuatiliwa pia maelfu ya watu waliotibiwa na wahudumu wa afya wenye virusi. Hadi mwaka 1995 walikuwa wamepimwa wagonjwa zaidi ya 22,000 wa wahudumu 51, na hakuonekana hata mmoja aliyeambukizwa na mhudumu wake. Kliniki ya Acer ilibaki peke yake kwa ubaya wake.

Sasa tukitoka kwenye Ukimwi, mambo ni tofauti, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu wasikilize kwa makini. Mhudumu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 katika 1,000. Ikiwa ni homa ya ini aina ya C, ni kama 2 katika 100. Ikiwa ni aina ya B, ni kati ya 6 na 30 katika 100. Virusi vya aina ya B vinaweza kukaa siku 7 nje ya mwili, juu ya meza au koleo lililokauka, vikiwa bado vina nguvu ya kuambukiza. Katikati ya miaka ya 1980, kabla jina la Kimberly halijasikika, daktari mmoja wa meno wa kijijini Indiana aliwaambukiza wagonjwa 9 homa hiyo, na 2 kati yao wakafa. Mwaka 2001 mwanamke mmoja Mmarekani aliipata kutoka kwa mgonjwa mwingine aliyeng'olewa meno kliniki hiyo hiyo siku hiyo hiyo, saa tatu kasoro kabla yake. Hawakukutana. Na mwaka 2013 huko Tulsa, Oklahoma, ilithibitishwa kwamba homa ya ini aina ya C ilipita kutoka kwa mgonjwa hadi mgonjwa katika kliniki ya upasuaji wa kinywa.

Kwetu, katika nchi hizi za Maziwa Makuu, homa ya ini aina ya B imeenea kuliko Marekani, na kinywa cha mtu hufunguliwa na wengi zaidi ya daktari. Wapo wanaokata kimeo cha mtoto kwa wembe au kisu kwa imani kuwa kinamkohoza. Wapo wanaochokonoa ufizi wa mtoto mchanga kutoa yale yanayoitwa meno ya plastiki, ambayo kwa kweli ni vijino vyake halali ambavyo havijaota. Wapo wang'oa meno wanaotembea na koleo moja kutoka gulio hadi gulio. Kila mahali hapo pana damu, na pana mtu aliyetangulia. Simtukani mng'oa meno. Mtu anayeumwa jino usiku kucha, hospitali iko mbali na fedha hana, atakwenda kwa aliye karibu.

Anayeingia kliniki ana haki ya kuuliza, bila kuonekana mjeuri, kama vifaa vimepitia mashine ya mvuke, yaani ile inayofanana na sufuria kubwa ya presha na kufikia nyuzi 121. Ana haki ya kuona sindano ikifunguliwa kwenye karatasi yake, na glovu zikivaliwa mpya mbele yake. Pasipo na mashine, vifaa vikioshwa damu yote ikaisha, kisha vikachemka dakika 20 kamili, virusi hivi nilivyovitaja hufa, ingawa mbegu za vijidudu sugu zinaweza kubaki. Kufuta kwa spiriti hakutoshi. Na asiulizwe daktari ana ugonjwa gani. Hilo ndilo swali lililoipotezea Marekani mwaka mzima. Wala mtu asiache kwenda hospitali kwa kuogopa, maana jino lililooza na kutunga usaha limeua watu wengi kuliko kliniki ya Jensen Beach.

Ipo pia chanjo ya homa ya ini aina ya B. Watoto wetu wa leo huipata kliniki wakiwa wachanga. Sisi tulio na umri wa miaka 40 na kuendelea, wa pande zote mbili za mpaka, hatukuipata utotoni, hivyo mtu mzima hupimwa kwanza, na akiwa hana virusi huchanjwa mara tatu: siku ya kwanza, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Kwa mfanyabiashara ambaye leo yuko Kigoma na kesho Rumonge, dozi zinaweza kutolewa hospitali tofauti, mradi atunze kadi yake. Na akichelewa dozi ya pili au ya tatu kwa sababu ya safari, haanzi upya. Anaendelea pale alipoishia.